Je, Wajua? Njaa iliyofichua siri ya ngano

Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, njaa iliikumba Uholanzi na mkate ukaadimika. Hata hivyo, daktari wa watoto Willem Dicke aliona wagonjwa wake waliodhoofu kwa kuharisha muda mrefu hawakuzidiwa. Ngano iliporudi mezani, maradhi nayo yakarudi. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1950 akaandika tasnifu juu ya ngano na maradhi hayo.

Maradhi hayo ni seliaki. Gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huufanya mfumo wa kinga uushambulie utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo umejaa vijidole vidogo mno, vya urefu wa milimita 1 au pungufu, vinavyofyonza lishe. Vikiwa bapa, mtu hula akashiba, na bado akapungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma.

La kutia moyo ni hili: gluteni ikiachwa kabisa, vijidole huota tena, ingawa huchukua miezi, hata miaka. Ugali wa mahindi, wali, ulezi na muhogo havina gluteni. Chapati za ngano zinayo. Lakini tafadhali, usiache ngano kabla ya kupimwa, maana ukiiacha mapema kipimo kinaweza kushindwa kuuona ugonjwa.