4K Kwa Keja: Cheki Namba, Usibebwe na Jina i7

Kama unaishi Makutano hapo Meru, ama kwa zile keja za machuo Nchiru, hii stori unaijua. Msee anasevu miezi kadhaa, anaingia duka la ex-UK, anashow muuzaji anataka mashine ya kucheki video za 4K. Anapewa i7, anaambiwa hiyo ni noma, inabeba kila kitu. Akifika keja anaidunga kwa tivii, anaeka video ya Mlima Kenya asubuhi. Dakika mbili tu, fani inanguruma kama posho mill na picha inakwamakwama. Mimi niliuziwa moja ya hivo Embu na iliniuma sana, juu hiyo ganji niliitafuta na jasho.

Shida haikuwa i7. Shida ni ilikuwa i7 ya jenereshoni ya 4.

Picha ya 4K iko na pikseli 3840 kwa 2160. Hizo ni zaidi ya milioni 8, mara nne ya Full HD. Mzigo kama huo haupiti kwa intaneti ukiwa mzima, lazima ubanwe, na ile njia ya kuubana ndio inaitwa kodeki. YouTube ikifika 4K inatuma VP9 ama AV1. Netflix kwa kompyuta inadai HEVC. Sasa ndani ya chipu kuna kasehemu kadogo kazi yake ni kufungua tu hizi video. Kama kako, hata i3 inacheza 4K imetulia tuli. Kama hakako, prosesa inabeba mzigo yote na mgongo wake, na hapo ndio fani inaanza kulia.

Kwa Intel, jenereshoni ya 6 ilikuwa na HEVC ya biti 8 peke yake. Ya 7 ndio ilifika na HEVC ya biti 10 na VP9 kamili. AV1 ilingoja mpaka ya 11. So soma namba: i5-7500T, hiyo 7 ya mbele ndio jenereshoni. i7-4770 ni ya 4, hata ikipakwa stika mpya. Ukiniekea hiyo na i3-8100T mezani, nabeba i3, na sitajuta.

Mimi napenda zile ndogo za ofisi zenye zinakaa nyuma ya tivii: OptiPlex 7050 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini, ThinkCentre Tiny. Chipu zao za T zimepimiwa wati 35. RAM ya GB 8 na SSD zinatosha kabisa, usiongezewe bei juu ya RAM.

Alafu kebo, hapa wengi wanachomewa. HDMI 1.4 inasukuma 4K kwa fremu 30 pekee kila sekunde. Movi itaenda fiti, lakini mpira utauona ukirukaruka. Hiyo OptiPlex 7050 Micro, HDMI yake ni hiyo 1.4. Lakini kando yake kuna DisplayPort inafika 60, kwa hivyo itisha adapta ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI 2.0. Na kama ni Netflix, mashine, adapta na tivii zote lazima zikubali HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia video isikopiwe; hata moja ikikataa unarudishwa chini. Pia utalipia ile paketi yao ya Premium.

Neti: Netflix inashauri megabiti 15 kwa sekunde, na kwa hiyo spidi saa moja inakula karibu GB 7. Na bando za simu hapo hutoboi. Mjini fiba iko. Huko ndani ndani Mbeere ama Igembe, kuna Starlink, imekuwa Kenya tangu Julai 2023. Ruta ikiwa rumu ingine, vuta kebo ya LAN, juu ukuta ya mawe inakula Wi-Fi vibaya. Na stima? Mabwawa ya Seven Forks yako hapa Mto Tana, Gitaru peke yake ni megawati 225, na bado stima zinapotea tukiangalia fainali. Eka UPS ndogo ya mashine na ruta.

Kabla utoe doo, omba muuzaji akuwashie hiyo mashine. Fungua YouTube, chagua video ya 2160p yenye iko na fremu 60, kliki kulia juu ya video na uguse Stats for nerds. Hata kama skrini yao si ya 4K, chipu bado inafungua hizo pikseli zote. Acha icheze dakika tano ukicheki namba ya fremu zenye zimeanguka. Ikiwa inapanda tu, shukuru muuzaji, rudisha ganji mfukoni, vuka barabara uingie duka ingine.