KOPE IKIGEUKA NDANI: Upasuaji Mdogo Unaookoa Macho



Katika sehemu zetu za nchi kavu kuna akina mama wanaotembea na kibano kidogo kila waendako. Nywele za kope zikiwachoma, humwita mtoto mwenye macho mazuri, wakaketi penye mwanga, naye akazing'oa moja moja. Mama hupata nafuu kwa muda. Halafu nywele huota tena na maumivu hurudi. Wengi huishi hivyo miaka na miaka wakidhani ni mambo ya uzee tu.

Mara nyingi si uzee. Ni kope iliyogeuka ndani, na kuna upasuaji mdogo wa kuirudisha mahali pake. Jambo kubwa tunalotaka kila kikundi kilijue ni hili: upasuaji huu hulinda nguvu ya kuona iliyobaki, lakini haurudishi ile iliyokwisha kupotea. Kwa hiyo wakati wa kwenda ni mapema, mtu akiwa bado anaona.

KOPE HUGEUKAJE?

Kope ni ile ngozi inayofunika jicho. Kwenye ukingo wake huota nywele zinazotazama nje, kama vile nyasi za paa zinavyotokeza nje ya ukuta ili mvua isiingie. Kazi ya nywele hizo ni kuzuia vumbi na wadudu.

Adui mkubwa wa kope huku kwetu ni trakoma, ambayo wengine huiita ugonjwa wa vikope. Huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho matupu. Kijidudu hiki hukaa katika tongotongo na makamasi, hasa ya watoto wadogo. Husafiri kwa mikono, kwa leso na taulo zinazotumiwa na watu wengi, na kwa nzi wanaotua usoni. Nzi hao hupenda kuzaliana katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi.

Mtoto akipata trakoma, macho huwa mekundu na kutoa uchafu. Hupona, akaambukizwa tena, na tena. Maambukizo hayo ya mara kwa mara huacha makovu upande wa ndani wa kope. Sasa fikirini ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani bila kuwambwa: ikikauka hujikunja. Kope yenye makovu hufanya vivyo hivyo. Miaka ikipita hujikunja ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo hicho ni ile sehemu angavu ya mbele inayopitisha mwanga. Kikikwaruzwa sana hupata kovu jeupe, na mwanga haupiti tena.

Basi ugonjwa ni mmoja lakini una nyakati mbili. Mtoto huhitaji dawa na uso safi. Mtu mzima ambaye kope yake imegeuka huhitaji upasuaji, maana hakuna dawa ya kumeza wala ya kupaka inayoweza kunyoosha kovu.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, sababu wao ndio hushinda na watoto wadogo. Hapa Kenya, kaunti za Turkana, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Baringo, Narok na Kajiado ni kati ya zile zilizojulikana kuwa na ugonjwa huu.

TUTAMJUAJE MWENYE SHIDA HII?

Mwulizeni na kumtazama. Dalili ni hizi:

1. Anasikia kama kuna mchanga au mwiba machoni siku zote.
2. Machozi yanamtoka ovyo, na jua linamuumiza.
3. Anang'oa nywele za kope, au anang'olewa na mtu mwingine.
4. Nywele zinagusa jicho. Nawa mikono, chukua tochi, mwambie atazame mbele kisha juu kidogo, uangalie nywele za kope ya juu zimeelekea wapi. Usiigeuze kope wala kuivuta kwa nguvu.

Kumbukeni kwamba wengine nywele hazionekani kwa sababu zimeng'olewa jana. Ndiyo sababu lazima kuuliza, si kutazama tu.

Tena msichanganye shida hii na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya jicho, nyuma ya ile mboni nyeusi, na kwa kawaida hauchomi. Huo nao hutibiwa kwa upasuaji, lakini ni wa namna nyingine, na mara nyingi mtu huona tena vizuri. Wote wawili wapelekwe kwa mhudumu wa macho, naye ndiye atakayesema ni nini.

JE, KUNG'OA NYWELE HAKUTOSHI?

Kung'oa hakurudishi kope mahali pake. Nywele iliyokatika katikati huwa ngumu kama kisiki na hukwaruza zaidi. Kibano chenye kutu au kilichotumiwa na watu wengi huleta maambukizo mengine.

Hata hivyo tusiwagombeze wanaong'oa. Kama nywele zinazogusa jicho ni chache, au kama mtu anangoja upasuaji, mhudumu wa macho anaweza kumpa kibano kizuri na kumfundisha mtu wa nyumbani kung'oa vizuri. Lakini lazima aendelee kuangaliwa kliniki, kwa sababu kope inaweza kuzidi kugeuka.

Jambo la kukataa kabisa ni kuchanja au kuchoma kope nyumbani, na kutia jichoni majani, mkojo au dawa ya kienyeji. Jicho lililokwaruzwa ni kidonda, na kidonda cha jicho kikiingia uchafu kinaweza kulipofusha kwa muda wa siku chache tu.

UPASUAJI HUFANYWAJE?

Watu wengi huogopa kwa sababu wamesikia ati jicho hutolewa nje, likasafishwa, likarudishwa. Hapana. Jicho lenyewe haliguswi na kisu. Kinachopasuliwa ni kope tu.

Kwanza uso huoshwa kwa dawa. Mgonjwa hulala chali, na kope hudungwa sindano ya ganzi. Hiyo sindano inauma kidogo, hatutaki kudanganya mtu. Baada ya hapo haisikii kisu, ingawa anaweza kusikia kuvutwavutwa. Yuko macho na anaweza kuzungumza. Mhudumu hukata kope kwa urefu, karibu na ukingo wenye nywele, akaugeuza ukingo huo utazame nje, kisha akaushona kwa nyuzi ili upone ukiwa umekaa hivyo. Kazi yote si ya siku nzima. Kope moja huchukua kama nusu saa au pungufu. Jicho hufungwa bandeji, na mgonjwa hurudi nyumbani.

Anayefanya kazi hii si lazima awe daktari mkubwa wa mjini. Maafisa wa kliniki na wauguzi waliofundishwa upasuaji huu huufanya katika hospitali na hata katika zahanati, wakati wa kambi za macho. Kambi nyingi za trakoma hazitozi pesa, lakini ulizeni mapema ili mtu asifike na kugeuzwa.

Kabla ya upasuaji mgonjwa amwambie mhudumu kama ana presha, kisukari au ujauzito, na kama anatumia dawa yoyote.

BAADA YA UPASUAJI

- Bandeji hutolewa na mhudumu kesho yake. Kwa hiyo pangeni mahali pa kulala kama nyumbani ni mbali.
- Kope huvimba na kuwa na wekundu au weusi kwa siku kadhaa. Hilo ni la kawaida.
- Mafuta ya macho yapakwe kama alivyoambiwa mpaka siku zitimie, hata akijisikia amepona.
- Asisugue jicho. Ajikinge na moshi wa jiko na vumbi, na kama inawezekana mwingine amsaidie kuni na maji kwa wiki ya kwanza.
- Kuna nyuzi zinazoyeyuka zenyewe na kuna za kutolewa, kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili. Auliza zake ni za namna gani kabla hajaondoka.
- Arudi mara moja kama kuna usaha, damu isiyokoma, maumivu yanayozidi, au kama kuona kunapungua.
- Aangaliwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa baadhi ya watu kope hugeuka tena, na wanaweza kupasuliwa mara ya pili.

Semeni pia ukweli huu waziwazi: wengine hubaki na ukingo wa kope usio sawasawa, au kope iliyoinuka kidogo. Na yule ambaye kioo cha jicho kimekwisha kuwa cheupe hatapata macho mapya. Atapumzika maumivu, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka. Lakini asiahidiwe kuona. Mgonjwa mmoja aliyeahidiwa uongo akirudi kijijini, watu kumi watakataa kwenda.

KOPE YA CHINI, NA UPASUAJI WA UREMBO

Trakoma hushika zaidi kope ya juu, lakini ya chini nayo inaweza kugeuka. Tena kuna wazee ambao hawana trakoma kabisa, ila kope ya chini imelegea kwa umri. Ikigeukia ndani, nywele hukwaruza jicho. Ikigeukia nje, jicho hukauka na machozi humwagika shavuni. Hizo nazo hurekebishwa kwa upasuaji, kwa hiyo wasiambiwe tu, "Ni uzee, vumilia."

Vijana wengine wameona kwenye simu habari za watu wanaopasuliwa kope ya chini ili kuondoa mifuko iliyo chini ya macho. Huo ni upasuaji wa urembo. Mifuko hiyo mara nyingi ni mafuta yanayotokeza mtu akizidi umri, na haipofushi mtu. Upasuaji wake hufanywa na madaktari bingwa na hulipiwa pesa nyingi. Nao una hatari zake: kope inaweza kuvutika chini hata jicho lisifunge vizuri, na kwa nadra sana damu huvuja nyuma ya jicho na kuleta upofu. Anayeutaka aulize sana kwanza. Na mtu akivimba ghafula chini ya macho, pengine na miguu pia, asifikirie urembo. Aende akapimwe figo na moyo.

Basi neno "upasuaji wa kope" lina maana zaidi ya moja. Mmoja mtu anaweza kuishi bila huo maisha yake yote. Mwingine akiukosa anaweza kupofuka.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mara nyingi kinachomzuia mama si woga peke yake. Ni nani atachunga mbuzi? Nani atapikia watoto? Pesa za gari zitatoka wapi? Mzee wa nyumba amekubali? Hapo ndipo kikundi kina nguvu kuliko hospitali.

1. Andikeni orodha. Gaweni manyumba, mpite pamoja na mhudumu wa afya wa jamii, mwandike kila mtu anayeng'oa nywele za kope.
2. Pelekeni orodha kwenye zahanati. Kambi huletwa mahali palipo na watu wanaojulikana. Ulizeni tarehe.
3. Tengeni pesa kidogo ya nauli kutoka kwa merigoraundi au harambee ndogo.
4. Zungumzeni na waume na wana wakubwa. Mwanamume akielewa kwamba mama akipofuka mtoto mmoja ataacha shule ili amwongoze, mara nyingi hukubali.
5. Mpeni kila mgonjwa mtu wa kwenda naye, na zamu ya kusaidia kazi za nyumbani.
6. Aliyepona aeleze mwenyewe katika mkutano. Maneno yake yatasikika kuliko yetu.

Upasuaji peke yake ni kama kukausha maji sakafuni huku mtungi bado unavuja. Watoto waoshwe uso kila siku. Kopo moja la maji linatosha. Kila boma lichimbe choo cha shimo. Na pale wizara ya afya inapogawa dawa ya trakoma, azithromaisini ya kumeza, watu wote waimeze, hata wasioumwa. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita hupewa mafuta ya macho. Kwa kuunganisha mambo haya manne, yaani upasuaji, dawa, uso safi na mazingira safi, Ghana ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022, kwamba trakoma si tatizo la afya ya umma tena katika nchi hizo. Wao nao walianza na vijiji kama vyetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

- Katika kijiji chetu ni nani wanaong'oa nywele za kope? Tumewahi kuwauliza?
- Watu wetu wanaogopa nini hasa kuhusu upasuaji? Lipi ni kweli na lipi si kweli?
- Kama kambi ya macho ingekuja mwezi ujao, nauli na kazi za nyumbani tungezipangaje?
- Ni maboma mangapi hayana choo bado? Tuanze na lipi?