Besi ya Bei Rahisi, Spika ya Bei Yake

Gitaa la besi la bei rahisi linatosha kazi. Spika ya bei rahisi haitoshi. Hilo ndilo jibu ninalowapa vijana wa kwaya wanaponiuliza, na kwa kuwa fedha zinazochangwa ni za waumini na za wazazi, wanastahili kupewa na sababu zake.

Napiga besi huku milimani Usambara. Jumapili ni kanisani. Jumamosi ni harusi, sendofu au kipaimara, popote tunapoitwa: Soni, Magamba, Mlalo, na mara nyingine tunateremka hadi Mombo. Vyombo vyetu husafiri. Amplifaya hufungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, besi huvaliwa mgongoni, kebo hukaa kwenye kiroba. Kutoka Mombo kuja Lushoto ni lami, kama kilomita 33 za kona tupu, lakini ukishaiacha lami kuelekea vijijini, skrubu iliyolegea haifiki salama.

Karibu kila kikao cha kununua vyombo huuliza jambo lilelile: tuchukue cha Kichina sasa, au tuendelee kuchanga tupate cha Mmarekani? Kwa upande wa besi, swali hilo limeshapitwa na wakati. Besi ya umeme tunayoijua ilisambazwa na Leo Fender, mtu aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Mwaka 1951 alitoa Precision Bass: ubao, shingo iliyofungwa kwa skrubu, nyuzi nne, sumaku, na vifundo viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Aliiunda hivyo makusudi, ili itengenezwe haraka na ikiharibika ifunguliwe na fundi wa kawaida. Kinachoifanya besi iwe nzuri ni usahihi wa vipimo, hasa freti kukaa mahali pake na shingo kunyooka. Zamani usahihi huo ulitoka kwenye mkono wa fundi mzoefu, na mkono huo ndio uliolipiwa bei kubwa. Siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo moja baada ya nyingine zikafanana. Fender wenyewe walianza kutoa magitaa ya bei nafuu Japani mwaka 1982 kwa jina la Squier, na Yamaha wana kiwanda chao cha magitaa Indonesia.

Kinachopungua kwenye besi ya bei ya chini ni umaliziaji. Ncha za freti hukwaruza vidole, nyuzi hukaa juu mno, vifundo hukwaruza sauti, tundu la jeki hulegea baada ya miezi. Kasoro hizi zote zinarekebishika hapahapa Lushoto. Freti hulainishwa kwa tupa ndogo na uvumilivu. Tundu la jeki hubadilishwa na fundi redio yeyote anayejua kulehemu, na namshauri kila anayenunua besi mpya ya bei rahisi alibadilishe siku ya kwanza, kabla halijamwaibisha katikati ya nyimbo za kuingilia maharusi. Shingo ina chuma ndani yake kinachokazwa na kulegezwa kwa ufunguo mdogo. Jifunze kuutumia, maana hali ya hewa yetu itakulazimisha. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya ukungu mbao hunywa unyevu, shingo ikapinda. Ukiteremka Mombo jioni ya joto, nyuzi za chuma hurefuka na besi yote hushuka chini ya kinanda. Ukipanda tena hupanda nayo. Besi ya mamilioni nayo hufanya vivyo hivyo.

Nyuzi zisikusumbue sana. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi kubwa za Motown huko Detroit, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi ila zikikatika. Tena kule Motown besi yake ilichomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, bila amplifaya. Nalitaja hilo kwa sababu linahusu chombo ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko bei yake: kisanduku cha DI. Ni kidogo, hubebwa mfukoni, na kazi yake ni kuichukua sauti dhaifu ya besi na kuipeleka kwenye mikisa kwa kebo ndefu bila kupoteza uzito wala kuokota makelele. Vipo vya bei ndogo kabisa, vya Behringer kwa mfano, kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1989 na baadaye ikajenga kiwanda chake Zhongshan, China. Mpiga besi mwenye DI yake hahitaji kupanda mlima na amplifaya. Anafika, anachomeka kwenye mitambo iliyokodiwa, anapiga.

Lakini mitambo hiyo ya kukodi ina spika, na hapo ndipo penye mambo.

Uzi mnene wa besi, usipobanwa, hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Wimbi lake la sauti lina urefu wa zaidi ya mita nane, kupita upana wa vyumba vingi tunavyoishi. Kulisukuma wimbi kama hilo kunahitaji kuhamisha hewa nyingi, na hewa nyingi inataka spika pana, sumaku nzito, na sanduku kubwa la mbao ngumu. Hakuna mashine ya kompyuta iliyopunguza bei ya sumaku nzito wala ya mbao nene. Muuzaji akipunguza bei, amepunguza mojawapo ya hivyo.

Spika ndogo bado inaweza kukudanganya vizuri. Nyingi za inchi 10 hutoa hezi 41 kwa shida, lakini hutoa hezi 82 na 123, sauti za juu zinazoambatana na noti ileile, na ubongo wa msikilizaji huijazia noti ya chini iliyokosekana. Ndiyo maana sebuleni au dukani kila besi inavutia. Itoe nje sasa, kwenye uwanja wa shule mlimani, chini ya turubai, watu wakila na watoto wakikimbia. Hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Wageni wa meza za nyuma wanasikia kinanda na waimbaji tu. Mpigaji anaongeza sauti, spika inalazimishwa kupita uwezo wake, koili inapata moto, gundi inaachia, na harufu ya kuungua inafika meza kuu kabla ya keki. Nimeishuhudia spika ikifa hivyo kwenye harusi ya watu waliojinyima sana kulipia shughuli yao, na iliniuma kwa niaba yao.

Mnunuzi hutazama wati, na wati ndicho kipimo rahisi kuliko vyote kukudanganya. Kutoka wati 100 hadi 200 unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kidogo. Ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi. Afadhali uulize kipimo cha pili kinachoandikwa kwenye karatasi ya spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 97 ikipewa wati 100 hulingana na ya desibeli 94 iliyopewa wati 200. Kama karatasi hiyo haipo, au imeandikwa wati peke yake kwa tarakimu kubwa za rangi, geuza amplifaya uangalie fyuzi. Umeme wetu ni volti 230. Fyuzi ya ampea 1 ina maana mashine haiwezi kuvuta zaidi ya wati 230 kwa mfululizo, na sehemu ya hizo hugeuka joto. Wati 1,000 zilizochorwa kwenye kava zitatoka wapi?

Ukiwa huna budi kutumia spika dhaifu, iweke chini, mgongo wake karibu na ukuta wa kanisa. Ukuta peke yake unaweza kuongeza hadi desibeli 6 kwenye sauti nzito, ambazo ungezipata kwa kuzidisha wati mara nne. Nashangaa jinsi ambavyo spika za besi bado hupandishwa juu ya stendi katikati ya uwanja.

Kuhusu umeme wenyewe sitaki kulizunguka jambo. Mkoromo unaosikika kwenye spika nyingi za kwaya ni wa hezi 50, ule wa nyaya za umeme, na unakaa karibu kabisa na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene, ambayo ni hezi 49. Ukipiga G juu ya mkoromo huo, noti na mkoromo hugombana, na kwaya nzima huonekana haina tuni. Mara nyingi chanzo ni waya wa ardhi kukatwa, au plagi ya meno matatu kuchomekwa kwa vijiti. Waya huo usikatwe kamwe. Mpigaji anashika nyuzi za chuma mkononi huku mdomo wake umegusa maiki. Besi ikitoka kwenye jenereta na maiki ikitoka kwenye umeme wa nyumba, mwili wake ndio unaokuwa njia. Vyombo vyote vichomekwe kwenye chanzo kimoja, na stabilaiza ya kweli inunuliwe kabla ya spika ya pili.

Kuna faida ya besi rahisi isiyopimwa kwa desibeli, na kwangu ndiyo kubwa. Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu ya gitaa la umeme. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka Tanga mjini, na Black Star Musical Club ya mji huohuo iliingiza gitaa na besi ndani ya taarabu. Lakini mpigaji wa enzi zile, hata angekuwa hodari vipi, kwa kawaida hakuwa na chombo. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikaingia chini ya DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Aliyetofautiana na uongozi aliondoka mikono mitupu kwenda kutafuta mwenye vyombo mwingine. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya walikoanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga wakaunda Les Wanyika, ambako Tom Malanga alipiga besi ya wimbo wa Sina Makosa. Wazee wa huku bado wanaiomba harusini, na uzuri wake wote uko kwenye mahali noti zinapoangukia. Hata besi rahisi inaweza kuipiga.

Leo kijana wa Lukozi akiuza viazi vya msimu mzuri anaweza kumiliki besi na DI yake. Anaitwa na kwaya hii wiki hii na bendi ile wiki ijayo, na anapojadili malipo hakuna anayemtishia kumnyang'anya chombo. Kizazi kilichonifundisha hakikuipata nafasi hiyo.

Kwa kwaya inayochanga sasa, nashauri hivi: sehemu ndogo ya fedha iende kwenye besi, DI, kebo mbili nzuri na malipo ya fundi, na sehemu kubwa isubiri spika moja ya maana, hata kama itabidi mkodi kwa mwaka mzima. Mkienda Kariakoo kuinunua, asiende mhasibu peke yake. Aende na mpiga besi, tena na besi ileile atakayoipiga. Achomeke, apige uzi mnene bila kubana, kwa nguvu ya harusi, dakika kumi, huku mwenzake amesimama nje ng'ambo ya barabara akisikiliza. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nendeni duka linalofuata.