Beseni la Maji ya Moto na Kidonda cha Upasuaji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale mama aliyejifungua kwa upasuaji anaporuhusiwa kutoka wodini. Leo tumfuate nyumbani, ambako bibi, mashangazi na majirani wanampokea kwa nia njema, beseni la maji ya moto likiwa limeshaandaliwa.

Kwanza tuone kisu kilipopita. Kwa nje ni mstari mfupi juu kidogo ya mfupa wa kinena. Chini yake daktari amepita kwenye mafuta, akakata utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, akaisogeza misuli pembeni, kisha akafungua mfuko wa uzazi wenyewe. Katika wiki mbili za mwanzo, jeraha hilo la ndani linashikiliwa na nyuzi kuliko nyama. Ngozi hufunga mapema; huko ndani huhitaji wiki sita, pengine zaidi. Kwa hiyo mama anayejiona mzima siku ya kumi, akajitwisha ndoo ya lita 20, amejitwika kilo 20 juu ya mshono mbichi. Kipimo ni rahisi: asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Sasa beseni. Nyumba nyingi kwetu Tanzania huamini kwamba mzazi asipokandwa tumbo, damu chafu itabaki ndani. Kwa kweli mfuko wa uzazi hujisinyaza wenyewe, na kila mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni ya oksitosini inayozidi kuubana. Kinachonitia hofu hasa ni hiki: ngozi inayozunguka mshono huwa na ganzi, mara nyingine kwa miezi, kwa sababu vinyuzi vya fahamu vimekatwa. Mkandaji anauliza, “Yanachoma?” Mama anajibu, “Hapana,” na huku ngozi inababuka. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe tumbo. Mgongo na mabega, sawa.

Bandeji ikishaondolewa, aoge kwa maji safi ya vuguvugu, ayaache yapite juu ya kidonda bila kusugua, kisha akikaushe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa tu. Asipake majivu, wala chumvi, wala ule unga wa kapsuli ambao kila mtaa una bingwa wake wa kuupendekeza. Mkaja ukifungwa kwa wepesi humsaidia anapokohoa au kuinuka. Ukikazwa hadi apumue kwa shida, ufunguliwe.

Kulala ndani mpaka arobaini nako kuna hatari. Damu ya mzazi huganda upesi kuliko kawaida kwa wiki kadhaa, na upasuaji huongeza hatari hiyo. Atembee polepole kila siku, ukumbini, uani, hadi kwa jirani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Supu, mtori, samaki, mayai na maharage vyote vinafaa. Parasetamoli, kwa kipimo alichopewa, haidhuru maziwa, hivyo hana sababu ya kuvumilia maumivu. Akiandikiwa antibiotiki, amalize dozi.

Kidonda kikiingiwa na vijidudu, mara nyingi dalili hujitokeza ndani ya siku kumi za mwanzo. Vipeperushi huandika “wekundu”, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Gusa pembeni mwa mshono: pana joto, pagumu, panauma kuliko jana? Usaha, harufu, homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au kichwa kuuma vikali na macho kuona ukungu, havisubiri tarehe ya kliniki.

Nanyi akina baba, maji yachoteni ninyi, na nauli ya usiku iwekwe kabla haijahitajika. Juma lijalo tutazungumzia ujauzito unaofuata, na kwa nini Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine.