Simu ya duka nayo ifungwe usiku

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukifika Idodi biashara ndogo zinakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Kuna mchele kwenye sado, mama lishe na chapati zake, fundi pikipiki, saluni, duka la sabuni na vocha, na kibanda cha wakala wa fedha. Ukisogea mbele kuelekea Tungamalenga kuna nyumba za wageni zinazotegemea watalii wa Ruaha.

Karibu kila mwenye biashara hizo ana kifaa kimoja kinachofanya kazi ya watu watatu: karani, mshika fedha na mpiga debe. Kifaa hicho ni simu.

Tatizo ni kwamba simu hiyohiyo ndiyo mwalimu wa mtoto anayopigia. Ndiyo yenye katuni za mdogo wake. Ndiyo inayolala chini ya mto, na mlio wake ukisikika saa 5 usiku hakuna ajuaye kama ni mteja, ndugu mgonjwa au tapeli.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, si za biashara, na msomaji anaweza kujiuliza nimefuata nini dukani. Nimefuata usingizi. Ushauri mwingi wa teknolojia wanaopewa wafanyabiashara wadogo unahusu namna ya kupatikana muda wote: jibu haraka, usikose mteja, kuwa hewani. Kwa mzazi mwenye duka barazani mwa nyumba yake, ushauri huo una gharama, na inalipwa na mwili wake na watoto wake.

Tupige hesabu kidogo. Mama anafunga duka saa 3 usiku. Anakula, anaosha vyombo, kisha anaanza kujibu ujumbe: bei ya mchele, nani analeta mzigo, nani hajalipa. Hadi saa 6 usiku bado yuko kwenye skrini. Saa 11 alfajiri anaamka kuwasha moto na kumwandaa mtoto wa shule. Amelala saa tano. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau saa saba. Kwa wiki moja mama huyu ana deni la saa 14, sawa na usiku mzima mara mbili bila kulala kabisa.

Msimu wa mavuno ya mpunga ndipo deni hilo linapokua. Wanunuzi kutoka mjini wanapiga wakati wowote, dereva wa Fuso anataka kujua saa 10 alfajiri kama magunia yameshafungwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuzima simu.

Kukosa usingizi kwa muda mrefu kunahusishwa na shinikizo la damu, kisukari na unene. Hayo huchukua miaka kuonekana. Yanayoonekana kesho yake asubuhi ni hasira kwa watoto na makosa ya hesabu: sifuri moja imezidi, pesa imekwenda namba nyingine, floti haikamiliki jioni. Wakala aliyelala saa tano ni hatari kwa mtaji wake mwenyewe.

Laini ya duka, laini ya nyumbani

Pa kuanzia ni kutenganisha, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie kidogo, maana mengine yote yanategemea hili.

Kuwa na laini mbili. Moja ni ya biashara. Hiyo ndiyo inayoandikwa ukutani, kwenye mfuko wa mchele na kwenye kibao. Nyingine ni ya familia, shule, zahanati na majirani wa karibu. Si lazima ununue simu ghali ya pili. Kitochi cha bei ndogo, chenye betri inayokaa siku kadhaa, kinatosha kabisa kwa laini ya nyumbani, na kina faida ambayo simu kubwa haina: hakina cha kukukesheza.

Ukishatenganisha, usiku unakuwa na mpaka. Simu ya duka inafungiwa kabatini pamoja na daftari, kitochi kinabaki karibu na kitanda. Mtoto wa jirani akizidiwa, au dada akishikwa uchungu, watakupata. Mwenye kutaka bei ya mchele atasubiri asubuhi, na mchele hauharibiki usiku mmoja.

Laini zote mbili zisajiliwe kwa jina lako. Wapo wafanyabiashara wanaotumia laini ya shemeji au ya kijana aliyekuwa akisaidia dukani, na siku wakikosana, fedha zinakuwa mikononi mwa mwenye usajili. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Namba yako ya NIDA iandike pia kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu simu ikiibwa ndiyo utakayoulizwa ukienda kurudisha laini, pamoja na alama za vidole.

Wanaopokea malipo mengi kwa simu waangalie huduma ya Lipa Namba. Fedha za wateja zinaingia kwenye akaunti ya biashara badala ya kuchanganyika na zako za binafsi. Uliza makato yake kabla ya kujisajili. Uzuri wake kwa familia ni kwamba hela ya duka haionekani kama hela ya mboga, na wengi wetu tunajua ni maduka mangapi yameliwa polepole na jiko la nyuma.

Acha programu iseme umefunga

Kuna hofu ya kweli kwamba mteja asipojibiwa ataenda kwa mwingine. Lakini mteja hukasirishwa zaidi na kutojua atajibiwa lini kuliko kungoja.

WhatsApp Business ni programu ya bure na inaweza kukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida, kila moja na namba yake. Ndani yake unaweka saa za kazi na ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umefunga. Andika kwa lugha ya watu: “Asante kwa kutuandikia. Tumefunga saa 2:30 usiku, tutakujibu kesho saa 1 asubuhi. Mchele tunao.” Ujumbe huo hautaondoka kama data imezimwa, kwa hiyo ukitaka ufanye kazi acha data ikiwa wazi, zima sauti, na simu ibaki kabatini.

Humohumo unaweza kuhifadhi majibu ya maswali yaleyale ya kila siku, na kupanga picha za bidhaa pamoja na bei. Mwenye nyumba ya wageni anayeulizwa mara kumi kwa siku kama kuna maji ya moto ataelewa thamani yake.

Kwa simu yoyote ya kisasa kuna mpangilio wa “Usinisumbue” unaonyamazisha milio kuanzia saa unayochagua na kuruhusu watu wachache tu. Uweke saa moja kabla ya kulala. Mwanga wa skrini usiku huchelewesha homoni inayoleta usingizi, na ujumbe wa mdaiwa msumbufu unachelewesha zaidi ya mwanga.

Jambo la moto. Simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro. Joto halina pa kutokea. Na umeme ukikatika, fedha zisihesabiwe kwa mshumaa kando ya chandarua. Idodi hawahitaji kukumbushwa na mtu wa mjini. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana wa Shule ya Sekondari Idodi na kuua wanafunzi 12, na taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa uliokuwa ukitumika kujisomea. Taa ndogo ya sola kwa duka na kwa mwanafunzi ni kifaa cha biashara kama ilivyo mizani.

Robo saa ya daftari

Sina ugomvi na daftari la karatasi. Halihitaji bando wala chaji. Kinachohitajika ni lijazwe kila jioni kabla ya kula, kwa mistari minne: mauzo, manunuzi, waliokopa, na kilichochukuliwa nyumbani. Huo mstari wa nne ndio wengi huuruka.

Tuseme duka linapata faida ya shilingi 12,000 kwa siku. Sukari nusu kilo, mafuta ya kupima, sabuni na nauli ya mtoto vikichukuliwa dukani bila kuandikwa, vikafika shilingi 7,000, mwenye duka atalala akiamini biashara haina baraka. Biashara ni nzima. Inalisha nyumba na hakuna aliyeandika. Piga picha kurasa za wiki kila Jumapili ukajitumie mwenyewe au umtumie mwenzi wako, ili daftari likinyeshewa au likichanwa na mtoto, majina ya wadaiwa yabaki.

Namba ya siri si ya mtoto

Watoto wa wafanyabiashara hujifunza kazi mapema, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa darasa la nne anayejua namba ya siri ya mama yake amebebeshwa mzigo mkubwa. Fedha ikipotea atashukiwa. Tapeli akipiga akijifanya ni wa kampuni ya simu, mtoto atatii kwa sababu amefundishwa kuheshimu watu wazima. Na mtoto anayeachwa kibandani usiku kuhudumia wateja hafanyi kazi ya shule wala halali vya kutosha. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi.

Mfundishe kanuni moja: hakuna mzigo unaotoka kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Mzigo unatoka ujumbe ukiingia kwenye simu ya duka na salio likiwa limeongezeka. Ujumbe wa malipo uliotoka kwenye namba ya kawaida ya mtu ni wa kutiliwa shaka. Ukipata ule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, usijibu. Upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Najua simu ndiyo yaya wa bei rahisi wakati wateja wamepanga foleni. Basi isiwe simu ya duka. Kidole cha mtoto kimeshafuta oda za watu na kupiga simu kwa wasioombwa.

Mikopo ya usiku

Kuna biashara moja inayopenda mtu aliyechoka: mkopo wa simu. Unaombwa kitandani, unaingia ndani ya dakika chache, na riba inasomwa kesho yake. Mtaani wanaiita mikopo kausha damu, na jina hilo halikutungwa kwa utani.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya programu za aina hii huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, kisha ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha unawafikia mwalimu wa mtoto, mchungaji na wakwe. Kwa simu ya duka, majina hayo ni ya wateja wako. Programu ya mkopo inayotaka kuona majina au picha, ikatae. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila kesi haitarudisha wateja waliokwisha kukucheka.

Kabla ya kubonyeza “kubali”, mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Inachukua muda na inahitaji kikundi. Haiombwi saa 6 usiku, na kwangu hilo ni sifa.

Ukijaribu haya kwa wiki tatu na bado huwezi kulala, unaamka na kichwa kizito au moyo unakwenda mbio, usinunue vidonge vya usingizi kwa ushauri wa jirani. Nenda zahanati ukapime presha. Kipimo ni cha dakika chache na shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni au aliyevimba uso na mikono asingoje hata wiki moja, wala asisubiri duka lifungwe. Aende siku hiyohiyo, na kitochi chake mkononi.