Mgonjwa wa moyo asiache dawa ya kuzuia damu kuganda

WAGONJWA wengi wa moyo wanaopewa dawa ya warfarini huambiwa kwamba dawa hiyo huifanya damu kuwa nyepesi. Kauli hiyo imezoeleka, lakini inapotosha. Damu ya mgonjwa haigeuki maji. Kinachobadilika ni protini chache tu zinazoiwezesha kuganda.

Kuifahamu tofauti hiyo si kazi ya madaktari pekee. Mgonjwa asiyejua dawa yake inafanya nini ni rahisi kuiacha anapohisi nafuu, na huenda akajikuta amepatwa na kiharusi.

Moyo wenye afya hupiga kwa mpangilio. Kwa mtu aliye na maradhi yaitwayo fibrilesheni ya atria, vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kukaza na kulegea kwa pamoja. Damu hutuama humo, hasa katika kifuko kidogo kilicho upande wa kushoto, kisha ikaganda. Bonge hilo likichopoka, husafiri hadi ubongoni na kuziba mshipa. Ndiyo sababu maradhi haya huzidisha hatari ya kiharusi kwa takriban mara tano.

Je, dawa huzuiaje hali hiyo? Protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini, na wataalamu wamezipa nambari za Kirumi. Nne kati yazo, yaani II, VII, IX na X, hazikamiliki bila vitamini K. Vitamini hiyo husaidia kuzitia kulabu za kunasa madini ya kalsiamu, ili zijishikize mahali palipo na jeraha.

Vitamini K ikishatumika huchakaa, na mwili una kimeng'enya cha kuifufua. Warfarini hukizuia kimeng'enya hicho. Ini huendelea kutoa protini, lakini ni butu, mfano wa panga lisilonolewa.

Hata hivyo, protini zilizotengenezwa kabla ya mgonjwa kumeza dawa haziondoki mara moja. Nusu ya protini ya VII hutoweka kwa muda wa saa sita hivi, ilhali ile ya II huchukua siku mbili hadi tatu. Kwa hivyo, nguvu kamili ya dawa huonekana baada ya siku tano au zaidi. Isitoshe, protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande kupita kiasi, nayo hupungua mapema. Ndiposa mgonjwa ambaye tayari ana bonge hudungwa heparini katika siku za kwanza.

Ili kujua protini hizo zimepungua nguvu kiasi gani, mgonjwa hupimwa damu kwa kipimo cha INR. Wengi wenye maradhi haya hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya hapo, bonge laweza kutokea. Juu ya hapo, hatari ya kuvuja damu huongezeka.

Chakula nacho kina nafasi yake. Sukuma wiki, mchicha na managu zina vitamini K kwa wingi. Mgonjwa hakatazwi mboga hizi, bali anashauriwa kula kiasi kinacholingana wiki baada ya wiki. Amweleze daktari pia kuhusu dawa nyingine anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Metronidazoli huongeza makali ya warfarini, nayo rifampisini ya kifua kikuu huyapunguza.

Kuna dawa mpya zaidi. Dabigatrani huikabili protini ya II ikiwa tayari imeamshwa, nazo rivaroksabani na apiksabani huikabili ile ya X. Haziipunguzii ini kazi. Huzifunga protini mikono tu. Hufanya kazi katika muda wa saa chache, wala hazihitaji INR. Lakini pia huisha mwilini upesi, hivyo kuruka dozi ni hatari.

Isitoshe, hazimfai kila mtu. Utafiti wa INVICTUS, uliotolewa mwaka wa 2022 na kuhusisha wagonjwa kutoka Afrika pia, ulilinganisha rivaroksabani na dawa za jamii ya warfarini kwa watu wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Waliotumia dawa za zamani walifariki kwa idadi ndogo zaidi. Wenye vali bandia za chuma pia hubaki kwenye warfarini.

Aspirini si mbadala, kwani haizigusi protini hizi. Naye mwanamke anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mgonjwa akiona choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, au akiumwa na kichwa ghafla na vikali, akimbilie hospitali. Lakini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuhisi nafuu si ithibati kwamba moyo umerudia mpangilio wake.