Katogo, chungu kinachomsubiri mfanyabiashara Kampala alfajiri

Kampala. Mabasi ya usiku yanayotoka Nairobi na Kigali, pamoja na yale yanayopitia Mutukula, huwashusha watu Kampala wakati mji ndio kwanza unaamka. Wengi wanaoshuka hawakuja kutembea. Fedha imefungwa kiunoni, orodha ya bidhaa iko kwenye simu, na maduka ya jumla ya Kikuubo bado yamefungwa. Saa moja au mbili hiyo ya kusubiri ndiyo saa ya katogo.

Mgeni asiyeijua hutafuta alichozoea kwao. Wa Nairobi huulizia chai na mandazi, wa Dar es Salaam huulizia supu na chapati. Vyote vinapatikana, lakini ni katogo inayomshikilia mchuuzi hadi saa nane mchana bila kukumbuka tumbo, na siku ya kununua mzigo hakuna nafasi ya kukaa mezani mara mbili.

Katogo ni ndizi mbichi za kupika, zile ziitwazo matoke, zilizomenywa na kuchemshwa katika sufuria moja pamoja na mboga yake. Ya asili katika vibanda vya Kampala ni ya utumbo wa ng'ombe, ambao Wakenya huuita matumbo. Ipo pia ya maharage, ya karanga zilizosagwa, ya maini na ya nyama. Wengine huweka mihogo mahali pa ndizi, na jina hubaki lilelile. Waganda hulitumia neno hilo hata kwa mambo yasiyo ya jikoni: mkutano uliovurugika au chama chenye watu wa kila namna nacho huitwa katogo.

Chakula hiki hakikuanza na sifa. Kwa desturi ya Buganda, matoke ya heshima humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba, hupikwa kwa mvuke kwa muda mrefu, kisha hubonywa yakiwa ndani ya majani yaleyale. Kazi hiyo inataka asubuhi nzima. Katogo ni ya mtu mwenye haraka, na utumbo ni wa mtu ambaye nyama ilimshinda bei. Leo hupikwa kwenye hoteli zenye vitambaa vya meza, ila wanaoijua bado huifuata kwenye vibanda vya pembeni mwa maegesho ya teksi, ndani ya soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, na kwenye vichochoro vya kuelekea Kikuubo.

Usiombe ndizi

Kosa la kwanza la mgeni anayezungumza Kiswahili ni kuomba ndizi. Kwa Kiganda, ndiizi ni zile ndogo tamu zilizoiva, ambazo kwingine huitwa ndizi sukari. Ukiomba ndizi utaletewa hizo, na muuzaji hatakuwa amekosea. Za kupika ni matoke. Ndefu za kuchoma ni gonja. Kubwa za kula zikiwa zimeiva ni bogoya. Mbidde ni za pombe, na hakuna anayezitia kwenye katogo akabaki na wateja.

Kiswahili chenyewe kitakusaidia kiasi. Kikuubo wapo wengi wanaokisikia kwa sababu ya wateja wa Kongo, Sudan Kusini, Rwanda na Kenya, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Lakini kwa mama wa chakula, neno moja la Kiganda hufungua uso kuliko sentensi kumi za Kiswahili sanifu. Mwanamke huitwa nnyabo, mwanamume ssebo. Bei huulizwa “ssente mmeka?” na shukrani ni “weebale”. Anayeanza na “wewe mama, lete chakula” atahudumiwa, ila sahani yake itapakuliwa kutoka juu ya sufuria, ambako hakuna utumbo.

Kuhusu bei, uliza kabla hujakaa. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za Uganda, kwa hiyo Mkenya huogopa tarakimu kubwa kisha akakuta ni fedha ndogo. Mtanzania yuko kwenye hatari ya kinyume: shilingi yake na ya Uganda hazijaachana mbali sana, naye huhesabu kana kwamba ni moja. Kwenye sahani ya katogo hasara hiyo haionekani. Kwenye marobota ya nguo inaonekana sana. Ni vyema hesabu hiyo ifanywe hapo kwenye benchi, chai ikiwa mkononi, kuliko mbele ya mwenye duka.

Namna ya kuijua nzuri

Mpishi wa katogo huanza kazi usiku. Utumbo huoshwa mara nyingi, hukatwa vipande na kuchemshwa peke yake mpaka ulainike, kwa sababu ukitiwa pamoja na ndizi, ndizi zitavurugika wakati wenyewe bado mgumu. Maharage nayo hutangulia. Ndizi humenywa kwa kisu, mikono ikiwa imepakwa mafuta au ikiwa ndani ya maji, maana utomvu wake hunata na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni. Kisha vitunguu, nyanya, chumvi na pilipili hoho, ndizi hupangwa zikiwa nzima au zimekatwa mara mbili, mchuzi wa utumbo humiminwa juu, na sufuria hufunikwa. Baadhi hufunika kwa jani la mgomba kabla ya mfuniko. Mwiko hauingizwi ovyo. Karanga, kama ni katogo ya karanga, huja baadaye kwa moto mdogo, kwa kuwa hushika chini upesi.

Ikiiva vizuri, ndizi huwa ya manjano hadi kiini na hukatika kwa kijiko bila kusagika. Ikiwa nyeupe na ngumu katikati, mkungu ulikatwa kabla haujakomaa, jambo linalotokea sana bei inapopanda na wakulima wanapokimbilia fedha. Wazee wa Kampala hutaja aina kwa majina, Nakitembe, Mbwazirume, Kibuzi, na wapo wanaodai kuitambua Nakitembe kwa harufu ya mvuke wake. Mgeni hahitaji kufika huko. Atazame kitu kimoja tu: je, sufuria inatoa moshi? Matoke yaliyopoa hukakamaa, na kuyapasha hakurudishi ulaini wake. Utumbo uliokaa bila moto ni hatari zaidi ya hapo, kwa hiyo katogo inayonunuliwa saa tano kutoka kwenye beseni lisilo na jiko chini yake, afadhali ipite.

Wapo wanawake wanaopeleka sahani zilizofunikwa kwa nailoni hadi dukani kwa mteja, wakipenya kati ya wapagazi wenye maboksi. Kwa mfanyabiashara aliyekwishaingia dukani na hataki kuuacha mzigo wake, huo ndio msaada mkubwa wa Kikuubo. Atakula akiwa amekaa juu ya katoni, na sahani itafuatwa baadaye na mwenyewe, ambaye hamsahau mtu. Pilipili huletwa kando. Parachichi huongezwa ukiomba, na linastahili kuombwa.

Rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ina jina kubwa zaidi nje ya Uganda na inafaa kwa mtu anayekula akitembea. Lakini hailingani na katogo kwa aliyekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha.

Chungu chenye majirani

Msafiri wa Bukoba hatahitaji maelezo yote haya. Wahaya hupika ndizi na maharage katika chungu kimoja, nao huita katogo. Rwanda ni agatogo, mara nyingi ikiwa na nyama na mboga za majani. Wachaga wana machalari, na Wakenya wana matoke ya nyama. Tofauti zipo, na mtu wa Bukoba akila ya Kampala kwa kawaida atasema ya kwao ni bora, lakini ndizi ni ukoo mmoja: ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki, kundi ambalo wataalamu hulihesabu kuwa la ukanda huu wa maziwa makuu.

Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulipofungwa Februari 2019, watu wa Kigali walipotea kwenye mabenchi ya Kampala karibu miaka mitatu, mpaka ulipofunguliwa tena Januari 31, 2022. Chakula kilibaki kilekile pande zote mbili. Biashara ndiyo iliyokatika.

Na kwa kuwa ndizi ni za ukoo mmoja, ugonjwa wake nao ni mmoja. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa katikati mwa Uganda. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia. Ndani ya miaka kama kumi ulikuwa umeonekana Kongo, Rwanda, Kenya, Burundi, na mwaka 2006 ukaingia Kagera, ambako familia zilizotegemea shamba la migomba kwa kila mlo zilijikuta zikinunua unga wa mahindi. Majani hunyauka na kuwa ya manjano, mkungu huiva kabla ya wakati na kwa vipande, na ukiikata ndizi unakuta ndani imekuwa ya kahawia. Shina likikatwa hutoa majimaji ya manjano. Mkungu wa namna hiyo haupikiki, haulishi mtu na hauuziki.

Hapa mfanyabiashara anahusika moja kwa moja, ingawa wengi hawalijui hilo. Nyuki na wadudu wengine hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua, lakini panga huubeba pia. Mnunuzi wa jumla anayeingia shamba moja, akakata mikungu, akaenda la jirani na panga lilelile, anaweza kuacha hasara kubwa kuliko faida aliyoondoka nayo. Dawa ya kuutibu mgomba uliokwisha kuugua haipo. Kinachosaidia ni usafi: panga lipitishwe kwenye moto au lioshwe kwa dawa ya klorini kabla ya kuingia shamba jingine, shina linaloumwa likatwe mapema, na ua la mwisho linaloning'inia chini ya mkungu liondolewe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mkulima anayemkatalia mnunuzi asikate mwenyewe mkungu asionekane mkorofi.

Watafiti nao wameshughulika, ingawa zaidi na ugonjwa mwingine, ule wa madoa meusi ya majani. Kituo cha Kawanda nje kidogo ya Kampala kilitoa mwaka 2010 aina chotara iitwayo M9, ambayo wakulima waliipa jina la Kiwangaazi. Tanzania iliidhinisha chotara zake za TARIBAN mwaka 2021. Mavuno yake ni mazuri. Mjadala unaobaki ni ladha, na mjadala huo humalizwa jikoni: mama mwenye wateja wa kila siku hatabadilisha ndizi kwa sababu ya kipeperushi.

Kwa anayetaka kuvusha matoke yenyewe, utaratibu si wa kutisha. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Mikungu ikaguliwe, isifungashiwe majani mabichi ya mgomba, na machipukizi ya kupanda yasifichwe chini ya mzigo hata kama ni mawili ya zawadi kwa mama nyumbani. Machipukizi mawili yanatosha kuingiza ugonjwa kijijini.

Kikuubo ikishachangamka, kwenye saa nne hivi, sufuria za katogo huanza kuonekana chini. Saa tano nyingi zimeoshwa, na jiko limebadilishwa kuwa la chakula cha mchana: matoke ya kubonywa, wali, mchuzi wa karanga. Aliyechelewa ataambiwa arudi kesho. Nyuma ya kibanda, maganda ya alfajiri yamejazwa kwenye magunia, yakisubiri kijana wa baiskeli anayeyapeleka kwa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi pembezoni mwa mji.